Vitenzi-Virai vya Kiingereza na Kitenzi cha Kiswahili: Uchambuzi wa Sentensi za Kila Siku kutoka Kidahwe, Kigoma

Utangulizi

Kidahwe, katika Wilaya ya Kigoma, ni mahali ambapo njia huachana. Barabara itokayo Kigoma mjini hugawanyika hapo: mkono mmoja huelekea Kasulu na hatimaye Nyakanazi, na mkono mwingine huelekea Uvinza. Penye njia panda hapakosi shughuli, na penye shughuli hapakosi vitenzi. Watu hupanda na kushuka. Mizigo hupakiwa na kupakuliwa. Magari hufika, huondoka, huharibika na kuishiwa mafuta. Hakuna katika hayo lolote linalompa taabu mzungumzaji wa Kiswahili. Mtoto wa miaka mitano huyasema yote bila kukosea.

Hata hivyo, mtoto huyohuyo akishaingia sekondari na kutakiwa kueleza shughuli hizohizo kwa Kiingereza, hukutana na kundi la vitenzi lisilofanana na alivyovizoea: "get on", "get off", "set off", "drop off", "break down", "run out". Kila neno peke yake ameshafundishwa. Anajua kwamba "break" ni kuvunja na "down" ni chini. Lakini maana ya "the bus broke down" haipatikani kwa kujumlisha kuvunja na chini. Vitenzi vya namna hii ndivyo vitakavyoitwa hapa vitenzi-virai, yaani vitenzi vilivyoundwa kwa kitenzi cha kawaida kikifuatwa na neno dogo, ambalo litaitwa kiambata.

Suala hili si la sarufi tupu. Nchini Tanzania mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma husoma masomo yake karibu yote kwa Kiswahili, kisha katika sekondari hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Pengo lililopo kati ya hatua hizo mbili huzungumzwa mara nyingi kama pengo la msamiati. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba, kwa upande wa vitenzi-virai, tatizo kubwa haliko kwenye idadi ya maneno. Liko katika namna lugha hizi mbili zinavyogawa kazi ndani ya kitenzi. Aidha, inadaiwa kwamba Kiswahili chenyewe, pamoja na lugha zinazokizunguka huko Kigoma, kina nyenzo za kulieleza jambo hili ambazo hazijatumiwa ipasavyo darasani.

Kitenzi-kirai na historia yake fupi

Ugumu huu haukuanza leo wala haukugunduliwa Afrika. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya Kiingereza ya mwaka 1755, alikwisha kuona kwamba tabia ya Kiingereza ya kubadili maana ya kitenzi kwa kukiongezea neno dogo mbele yake ndiyo inayowasumbua wageni kupita nyingine. Istilahi ya Kiingereza inayotumika hadi leo ilienezwa na Logan Pearsall Smith mwaka 1925, naye alisema kwamba aliipata kwa Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi kuu ya Oxford.

Vitenzi-virai vinaweza kupangwa katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni la vile ambavyo kiambata chake hubaki na maana ya mahali au mwelekeo, kama "go out" na "come in". Kundi la pili ni la vile ambavyo kiambata huonyesha ukamilifu wa tendo, kama "drink up", yaani kunywa mpaka kuisha. Kundi la tatu ni la nahau, ambazo maana yake haitokani moja kwa moja na sehemu zake. Mfano ni "give up", kukata tamaa.

Hapana budi kutofautisha kitenzi-kirai na kitenzi kinachofuatwa na kihusishi cha kawaida. Katika sentensi "he ran up a hill", neno "up" limeshikamana na kilima: mtu alipanda kilima mbio. Katika "he ran up a bill", neno hilohilo limeshikamana na kitenzi: mtu alilimbikiza deni. Kwa hiyo mtu anaweza kusema "he ran a bill up", lakini hawezi kusema "he ran a hill up". Kipimo hiki cha kuhamisha kiambata ni rahisi, na mwanafunzi anaweza kukitumia mwenyewe bila kamusi, ilimradi kitenzi kiwe na yambwa.

Mwelekeo: ndani ya mzizi au nje yake

Mwanaisimu Leonard Talmy, katika maandishi yake ya mwaka 1985, alionyesha kwamba lugha za dunia hutofautiana katika mahali zinapouweka mwelekeo wa mwendo. Baadhi huuweka ndani ya kitenzi chenyewe. Nyingine huuweka katika neno au kipashio kinachokizunguka kitenzi. Kiingereza kimo katika kundi la pili. Kiswahili, kwa sehemu kubwa, kimo katika kundi la kwanza.

Vitenzi ingia, toka, panda, shuka, vuka, pita na rudi vyote vina mwelekeo ndani ya mizizi yake. Anayesema "ameshuka" hahitaji kuongeza chini, na anayesema "ameingia" hahitaji kuongeza ndani. Namna ya mwendo ndiyo inayowekwa nje, kwa kielezi au kwa kitenzi cha pili: "Alitoka nyumbani mbio", "Alivuka mto akiogelea". Kiingereza hugeuza mpangilio huo. Namna ya mwendo huwa kitenzi, na mwelekeo huwa kiambata: "He ran out of the house", "He swam across the river".

Matokeo yake huonekana katika tafsiri. Mwanafunzi anayeitafsiri "he ran out of the house" neno kwa neno hupata "alikimbia nje ya nyumba". Sentensi hiyo ni sahihi kisarufi, lakini inasema jambo jingine kabisa: kwamba mtu alikuwa tayari yuko nje, na huko nje ndiko alikokuwa akikimbia. Kosa halimo katika neno lolote. Limo katika kudhani kwamba lugha zote mbili hukigawia kitenzi mzigo uleule.

Mnyambuliko kama nyenzo ya Kiswahili

Kiswahili hakikosi njia ya kuongeza maana baada ya mzizi. Kilichopo ni kwamba nyongeza hiyo huunganishwa na kitenzi, haiandikwi kama neno la pekee. Hii ndiyo kazi ya viambishi vya mnyambuliko.

Mfano wa kwanza ni kauli ya kutendua. Funga huzaa fungua, ziba huzaa zibua, kunja huzaa kunjua, fukia na fukua husimama pamoja kama jozi. Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, dagaa waliovuliwa usiku kwa mwanga wa taa huanikwa juani asubuhi, na wingu likitanda huanuliwa. Jozi ya anika na anua inabeba kwa viambishi kile ambacho Kiingereza hukibeba kwa viambata: "put out" na "take in". Mwalimu anayewauliza wanafunzi wake ni sehemu gani ya "anua" inayolingana na "in" atapata jibu lenye faida: ni kiambishi kinachorudisha nyuma tendo la kuanika.

Mfano wa pili ni kauli ya kutendesha. Historia ya meli Liemba, inayojulikana kwa kila mkaazi wa Kigoma, inatosha kuufafanua. Meli hiyo ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikasafirishwa vipandevipande hadi Kigoma na kuingizwa ziwani mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isitekwe. Mwaka 1924 iliibuliwa na Waingereza, na mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba. Kiingereza kinaweza kusema "the ship went down" bila kufichua kama ilizama yenyewe au ilizamishwa na mtu. Kiswahili hutenganisha mambo hayo kwa kiambishi: ilizama ni jambo moja, ilizamishwa ni jambo jingine. Vivyo hivyo ibuka ni kuja juu kwa nafsi yake, na ibua ni kuleta juu. Pale ambapo Kiingereza hubadili kitenzi kizima, kutoka "come up" hadi "bring up", Kiswahili hubadili kiambishi tu na kuuacha mzizi.

Mfano wa tatu, ambao pengine ndio muhimu kuliko yote, ni kauli ya kutendea. Uvinza inafahamika tangu zamani kwa chumvi yake, basi chumvi itumike kama mfano. Kiswahili kina sentensi tatu zinazofuatana:

Chumvi imekwisha.
Chumvi imetuishia.
Tumeishiwa chumvi.

Katika ya kwanza chumvi ni kiima na mtu hatajwi. Katika ya pili mtu ameingia kama yambwa, akiwa ndiye aliyepatwa na hasara. Katika ya tatu mtu amekuwa kiima. Kiingereza nacho kina "the salt has run out" na "we have run out of salt". Mwanafunzi wengi wao huandika "the salt is finished", sentensi inayosikika kote Afrika Mashariki, na huishia hapo. Lakini lugha yake mwenyewe ilikwisha kumjengea daraja: "we have run out of salt" inalingana kabisa na "tumeishiwa chumvi", mtu akiwa mbele na kitu kikiwa nyuma. Anayeonyeshwa ulinganifu huo hatahitaji kukariri kwamba "run out" hufuatwa na "of". Ataelewa kwa nini kitu kilichokwisha kinahitaji mlango wa kuingilia kwenye sentensi.

Kauli hiyohiyo hueleza matumizi ambayo vitabu vingi vya sarufi huyapita haraka. Msafiri anayesema "gari limetuharibikia njiani" anaeleza kuharibika kwa gari pamoja na balaa lililowapata abiria. Kiingereza husema "the bus broke down on us", na kiambata "on" hapo hakina uhusiano wowote na kuwa juu ya kitu. Ni alama ya madhara, sawa na kiambishi cha kutendea katika limetuharibikia.

Ushahidi wa lugha jirani

Wengi wa wakaazi wa Kidahwe ni wazungumzaji wa Kiha, lugha inayokaribiana sana na Kirundi kiasi kwamba wazungumzaji wa lugha hizo mbili huelewana. Katika Kirundi kitenzi hubeba mwishoni mwake kipashio kidogo cha mahali. Kuva ni kutoka. Kuvamwo ni kutoka ndani ya kitu, na pia kutokea kama matokeo. Gushira ni kuweka. Gushiraho ni kuweka mahali, na pia kuunda au kuanzisha, kama inavyosemwa juu ya kuundwa kwa tume au sheria.

Inafaa kuangalia kwa makini kilichotokea hapo. Kipashio cha mahali kimeongezwa baada ya kitenzi; maana ya kwanza ni ya mahali, na maana ya pili imehamia kwenye mambo yasiyoshikika. Hiyo ndiyo njia ileile iliyopitiwa na "set up" ya Kiingereza, ambayo ni kusimamisha kitu na pia kuanzisha taasisi. Kiswahili sanifu kimebaki na viambishi -po, -ko na -mo katika kuwapo, kuwako na kuwamo, lakini hakiviambatishi kwa vitenzi vyote. Kwa hiyo, mwanafunzi aliyelelewa katika lugha za ukanda huu haji darasani mikono mitupu. Kitu anachoambiwa ni cha ajabu katika Kiingereza, yaani neno dogo la mahali linalogeuza maana ya kitenzi, ana cha kukifananisha nacho nyumbani.

Ukamilifu na nahau

Kiambata "up" huwatatiza wengi pale kinapoonyesha ukamilifu. "Fill" na "fill up" zote ni kujaza. Tofauti iko katika kufika kikomo. Kiswahili huieleza tofauti hiyo kwa njia kadhaa. Njia mojawapo ni tanakali za sauti na vielezi vya pekee: kujaa pomoni, kulala fofofo, kunyamaza jii, kutulia tuli, kuanguka pu. Nyingine ni kiambishi kilichorudiwa cha -ilia, kama katika shikilia, ambayo ni kushika bila kuachia, na tupilia mbali, ambayo ni kutupa bila nia ya kurudia. Msemaji wa "shikilia" na msemaji wa "hold on" wanakutana katika wazo moja.

Kuhusu nahau, Kiswahili hutegemea zaidi kitenzi na nomino: kukata tamaa, kukata shauri, kuvunja moyo, kula njama, kung'oa nanga. Chombo kinachong'oa nanga Kigoma "sets off". Mtu aliyekata tamaa "has given up". Hapa hakuna ulinganifu wa sehemu kwa sehemu, wala hautafutwi. Kinachofundishika ni kanuni moja: nahau hulinganishwa na nahau, haivunjwi vipande. Kama ambavyo hakuna mgeni anayeweza kuifahamu "kukata shauri" kwa kujua kukata ni nini, ndivyo ilivyo kwa "give up".

Jambo jingine la kukumbuka ni nafasi ya kiwakilishi. Kiingereza huruhusu "turn off the light" na pia "turn the light off", lakini nomino ikibadilishwa na kiwakilishi, nafasi ni moja tu: "turn it off". Kiswahili nacho huruhusu "zima taa", na kiwakilishi kinapoingia hukaa ndani ya kitenzi: "izime". Lugha zote mbili huvuta kiwakilishi karibu na mzizi wa kitenzi. Wanaoandika "turn off it" wangesaidiwa na ukumbusho huo.

Mitego ya tafsiri

Hatari ya kutofahamu vitenzi-virai hujitokeza wazi katika maandishi ya kiofisi. Mfano wa kutosha ni wakati. Katika Kiswahili, kikao kilichosogezwa mbele kimeahirishwa: siku yake iko mbali zaidi kuliko ilivyopangwa. Katika Kiingereza, kikao kilichokuwa "brought forward" kimewahishwa: siku yake iko karibu zaidi. Na kilichokuwa "put back" kimecheleweshwa, ingawa anayesikia neno "nyuma" kwa Kiswahili atafikiri kimewahishwa. Iwapo barua ya kuitisha kikao cha fidia ya ardhi inayopitiwa na barabara imeandikwa kwa Kiingereza, na msomaji akaitafsiri neno kwa neno kwa jirani zake, watafika ukumbini siku nyingi baada ya maamuzi kutolewa. Maneno yote yatakuwa yametafsiriwa. Maana itakuwa imepinduliwa.

Mtego wa pili unaelekea upande wa Kiswahili. Vyombo vya habari vimezoea kusema kwamba taasisi fulani "imekuja na mpango", kwa kufuata "come up with", na kwamba herufi fulani "zinasimama kwa" neno fulani, kwa kufuata "stand for". Kiswahili kina kubuni, kuibua na kuandaa kwa ajili ya kwanza, na kuwa kifupi cha, au kuwakilisha, kwa ajili ya pili. Isidhaniwe kwamba kila tafsiri sisisi ni kosa. Lugha hukopa, na baadhi ya mikopo hukaa. Hasara huja pale mkopo unapofuta tofauti zilizokuwapo. Kubuni mpango ni kuuwaza kwa mara ya kwanza. Kuuibua ni kuutoa mahali ulipokuwa umejificha. Kuuandaa ni kuutayarisha. "Kuja na mpango" hakusemi ni lipi kati ya hayo lililotendeka.

Mtego wa tatu ni wa mtindo. Kiingereza kina jozi nyingi zenye kitenzi-kirai upande mmoja na kitenzi chenye asili ya Kilatini upande mwingine: "put out" na "extinguish", "put off" na "postpone". Mwanafunzi anayejifunza kwa vitabu pekee huzoea upande wa pili na kuutumia hata jikoni. Kiswahili kina hali inayofanana: kuahirisha, lenye asili ya Kiarabu, hukaa barazani mwa ofisi, na kusogeza mbele hukaa mitaani. Mwenye kuhisi tofauti hiyo katika Kiswahili anaweza kufundishwa kuihisi katika Kiingereza.

Hitimisho

Kutokana na uchambuzi huu mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, vitenzi-virai vya Kiingereza si mkusanyiko wa maneno ya kukaririwa bila mpango. Vina kazi zinazoweza kutajwa, nazo ni mwelekeo, ukamilifu, madhara na nahau. Pili, karibu kila moja ya kazi hizo ina mahali pake katika Kiswahili, ama ndani ya mzizi, ama katika mnyambuliko, ama katika kielezi. Tatu, kamusi za lugha mbili, kuanzia ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 hadi ile ya TUKI iliyotoka mwaka 1996, humpa msomaji maana ya kitenzi-kirai. Kumwonyesha kwamba maana hiyo huishi katika kiambishi gani cha lugha yake ni kazi ya mwalimu.

Kwa hiyo somo la mnyambuliko, ambalo mara nyingi hufundishwa kama jedwali la kauli za kujazwa kwa ajili ya mtihani wa Kiswahili, linafaa kuwa pia mlango wa kuingilia somo la Kiingereza. Mwanafunzi wa Kidahwe anayeweza kueleza kwa nini "tumeishiwa" si "imekwisha", na kwa nini "ilizamishwa" si "ilizama", ameshafanya nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kuonyeshwa kwamba kile anachokitia ndani ya kitenzi, Mwingereza hukiweka nje yake.